Vim: Mistari Inayohama na Ombi la Kibaale

Kijana wa Ulemo, wilayani Iramba, mkoani Singida, akifungua Vim kwenye kompyuta, mara nyingi hukuta ujumbe unaomwomba awasaidie watoto maskini wa Uganda. Wengi huupita bila kujiuliza umefikaje humo.

Vim ni programu ya kuhariri maandishi, kipenzi cha waandishi wa programu duniani kote. Mholanzi Bram Moolenaar aliitoa kwa umma mwaka 1991, akifuata mfano wa vi, kazi ya Bill Joy wa California ya mwaka 1976. Mwaka 1994 Moolenaar alifanya kazi ya maji na usafi wa mazingira katika mradi wa watoto wa Kibaale, Rakai, kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Ukimwi ulikuwa umeacha yatima wengi huko. Baadaye alichangisha fedha kupitia taasisi ya ICCF Holland, na masharti ya Vim yakawa haya: itumie bure, ila ikikufaa, unahimizwa kuwachangia watoto hao.

Pamoja na wema huo, Vim ina vituko vyake. Ukiwasha kipengele cha smartindent, mstari unaofuata mabano { hujongea ndani wenyewe. Ukianza mstari kwa alama ya #, husukumwa hadi ukingo wa kushoto. Asili yake ni lugha ya C ya miaka ya 1970, ambamo maagizo kama #include kwa desturi hukaa ukingoni. Kwenye Python, # huanzisha maelezo tu, tena nafasi za mwanzo wa mstari ni sehemu ya sarufi yake. Desturi ya C ikageuka kero.

Kingine ni kubandika maandishi yaliyonakiliwa. Vim ikidhani unachapa kwa mkono, huongeza nafasi zake juu ya zilizokuwepo, na mistari hushuka kama ngazi kuelekea kulia. Dawa ya zamani ni :set paste kabla ya kubandika, kisha :set nopaste. Kwa tatizo la #, amri ya :filetype indent on huipa kila lugha kanuni zake.

Moolenaar alifariki Agosti 3, 2023. Toleo la 9.1, la Januari 2024, lilitolewa kwa heshima yake.

Vijana wa Singida wanaojifunza kazi hii wasiishie kuilaani mistari. Wazijue amri hizo, na siku kazi itakapowalipa, walikumbuke ombi la Kibaale.