Sekunde Moja ya Usingizi

Nilianza kazi masjala, kabla sijaigusa kompyuta. Rafu za mbao zilifika darini, na kila jalada lililotoka liliacha kadi mahali pake: jina la aliyelichukua na tarehe. Mzee aliyenifundisha alikuwa mkali juu ya kadi hiyo kuliko juu ya jambo jingine lolote. Siku moja nilimpa ofisa jalada bila kuweka kadi. Ofisa wa pili akaja kulitafuta, halikuonekana, akafungua jalada la muda. Kwa wiki mbili mwombaji mmoja akawa na majalada mawili yenye maamuzi mawili yasiyolingana. Mzee hakunigombeza. Aliniambia, "Mwanangu, mwizi wa jalada nimemwona mara moja tu tangu nianze kazi hii. Lakini watu wawili walioshughulikia jambo moja, kila mmoja akidhani yuko peke yake, hao nawaona kila mwezi."

Mwaka 2009, nikiwa sasa fundi wa programu, niliandikia ofisi moja programu ya stakabadhi. Namba ya mwisho ilikaa kwenye faili dogo. Programu inaisoma, inaongeza moja, inaiandika upya. Wateja wawili wakaja na stakabadhi zenye namba moja. Niliijaribu programu ile mezani kwangu kwa wiki tatu na haikukosea hata mara moja. Mwishowe, kati ya mstari wa kusoma na mstari wa kuandika, niliingiza amri ya kuilaza sekunde moja. Nikafungua madirisha mawili, nikabonyeza huku, nikabonyeza huku. Namba zikagongana pale pale.

Wenye kazi hii huliita tatizo hilo mbio: michakato miwili inakimbilia faili moja, na jibu linategemea nani ametangulia. Tangu siku ile nimeifuatilia historia ya kuzinasa mbio hizo kama mtu afuatiliavyo ukoo wake, na kila nilipofika nilikuta ufundi ule ule. Mbio hazinaswi kwa kasi. Zinanaswa kwa kumchelewesha mmoja wa wakimbiaji.

Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoueleza mfumo wao wa kuendeshea kompyuta, Unix, mwaka 1974, walisema wazi kwamba mfumo wao wa mafaili hauwapi watumiaji makufuli. Kwa mazingira yao waliona makufuli hayahitajiki na wala hayatoshi. Hawakuwa na hifadhidata kubwa za faili moja zinazoandikwa na wengi, na watu wawili wakihariri nakala za faili lile lile, kufuli la kawaida haliwaokoi. Ndani ya mfumo wenyewe waliweka kinga za kutosha ili saraka isivurugike. Nami nawaelewa. Mashine ilikuwa na prosesa moja, na mchakato ulioingia kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo, haukuingiliwa na mwenzake mpaka ulale wenyewe, kwa mfano ukingoja diski. Hitilafu nyingi zilikuwemo, lakini hazikuwa na pa kutokea. Umaskini wa mashine ulizificha.

Nje ya kerneli, hata hivyo, mwanya ulikuwa wazi, na wa mkdir ndio ninaopenda kuwafundisha vijana. Katika toleo la 7 la Unix, la mwaka 1979, kerneli haikuwa na mwito mmoja wa kutengeneza saraka. Kazi hiyo ilifanywa na programu ya mkdir, iliyopewa mamlaka ya mtumiaji mkuu kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa. Kwanza iliiumba saraka, ikiwa mali ya mtumiaji mkuu, halafu ikaikabidhi kwa aliyeiomba. Sasa fikiria mjanja anayewahi katikati. Anaiondoa saraka ile changa, na kwa jina lile lile anaweka kiungo cha faili la nywila za mashine nzima. Hatua ya pili inakuja na kumkabidhi faili hilo. mkdir haikuwa na namna ya kutambua, maana ilichokabidhi ni jina, na jina hilo sasa lilikuwa la kitu kingine.

Mwanya huo ulikuwa mwembamba mno kwa mkono wa mtu. Basi wajanja waliiendesha mkdir kwa kipaumbele cha chini, kwa amri ya nice, wakailemea mashine kwa kazi nyingine, wakarudia tena na tena. mkdir ikawa inasinzia kati ya hatua zake. Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilisimama kutoka kitini: ilikuwa ile sekunde yangu moja. Hao wajanja walikuwa wamevumbua njia ya kujaribu mfumo wa mafaili kabla wenye mfumo hawajaipa jina.

Wataalamu wa chuo cha Berkeley waliuziba mwanya katika toleo lao la Unix, 4.2BSD, la mwaka 1983. mkdir ikawa mwito mmoja usiokatika katikati. Ukaja pia mwito wa kubadili jina la faili kwa mpigo mmoja, kazi ambayo awali ilifanywa kwa kuongeza jina jipya kisha kulifuta la zamani. Ikaja pia flock, kufuli la watumiaji, miaka 9 baada ya kuambiwa halihitajiki. Ndilo nililoliweka kwenye programu ya stakabadhi. Mwaka 1996, Matt Bishop na Michael Dilger wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha njia ya kuitafuta mianya ya aina hii kwa kuusoma msimbo wenyewe: wapi programu inakagua jina la faili, na wapi inalitumia baadaye kana kwamba halijabadilika.

Kisha prosesa zikaongezeka, na umaskini uliokuwa ukificha makosa ukaisha. Linux, mfumo wa jamii ya Unix, katika toleo la 2.0 la mwaka 1996 ilikubali prosesa nyingi kwa kuweka kufuli moja kubwa juu ya kerneli, ili anayeingia aingie peke yake. Kulivunja kufuli hilo vipande vidogo na kuliondoa kabisa kulikwenda hadi toleo la 2.6.39 la mwaka 2011. Kila kipande kilichofunguliwa kilihitaji mtu wa kukijaribu.

Hapa ndipo zana zinapoingia. Ya zamani ninayoiheshimu ni fsx, iliyoandikwa na Avadis Tevanian pale NeXT mwaka 1991, na baadaye kuandikwa upya na Conrad Minshall wa Apple. Inaandika, inasoma, inakata na kurefusha faili moja kwa kubahatisha, huku ikitunza kwenye kumbukumbu nakala ya jinsi faili linavyotakiwa kuwa. Baiti moja ikitofautiana, inasimama na kupiga kelele. Inaweza kufanya hivyo kwa sababu iko peke yake. Walete wenzake ishirini kwenye faili lile lile, na hakuna tena ajuaye jibu sahihi ni lipi: aliyefuta alitangulia, au aliyebadili jina? Majibu yote mawili ni halali.

Silicon Graphics, wenye mfumo wa mafaili wa XFS na mashine za prosesa nyingi, walilijibu hilo kwa fsstress. Unaitajia saraka, idadi ya michakato na idadi ya matendo, nayo inaachia kundi hilo liumbe, lifute, liunganishe na kubadili majina bila mpango. Haiulizi faili lina nini. Inauliza kama kerneli bado iko hai, na baada ya vurugu mkaguzi wa mfumo wa mafaili anapita kuona kama hesabu ya viungo na vipande vya diski bado inalingana. Ni swali la unyenyekevu, na limefichua makosa mengi. Unaweza pia kuipa mbegu ya bahati nasibu ili irudie matendo yale yale. Lakini mbegu hairudishi zamu: nani aliingia kwenye prosesa lini, hilo mashine inaamua upya kila mara. Nimewahi kukaa siku nne na mbegu iliyoangusha seva Jumatatu na kukataa kuiangusha tena hadi Ijumaa.

Ingo Molnár, mmoja wa waandishi wa kerneli ya Linux, aliikwepa bahati hiyo mwaka 2006. Chukua mchakato unaohamisha faili kutoka saraka ya kwanza kwenda ya pili, na mwingine unaohamisha kutoka ya pili kwenda ya kwanza. Kila mmoja akishika kufuli la saraka anakotoka na kungoja la mwenzake, wamekwama milele. Chombo chake, lockdep, hakingoji wakwame. Kinaandika mpangilio wa kushika makufuli, na kikiona mpangilio huo umegeuzwa hata mara moja, kinalalamika. Ni kama yule mzee wangu: hakungoja majalada yagongane, alitazama kadi.

Machi 2014 ilinigusa kuliko zote. Linux 3.14 ilirekebisha namna nyuzi mbili za programu zinavyoandika kupitia mlango mmoja wa faili lililofunguliwa. Kerneli ilikuwa inasoma mahali pa kuandikia, inaandika, kisha inahifadhi mahali papya. Nyuzi mbili zikisoma mahali pamoja, moja inaandika juu ya nyingine. Soma, ongeza, andika. Kosa langu la stakabadhi lilikuwa limo ndani ya kerneli inayoendesha seva za dunia nzima, mwaka wa tano baada ya mimi kuona aibu kwa ajili yake.

Mwaka 2020 Meng Xu na wenzake wa Georgia Tech waliitoa Krace, chombo kinachoingiza ucheleweshaji wa makusudi pale nyuzi zinapogusa kumbukumbu, kisha kinapima mipishano ipi imeshapitiwa na ipi bado. Kilipata mbio 23 ndani ya mifumo ya mafaili ya ext4 na btrfs na tabaka lililo juu yake, na 9 zilithibitishwa kuwa na madhara. Miaka 41 baada ya mkdir, chombo kinafanya kwa hesabu kile ambacho wajanja wa nice walifanya kwa kubahatisha.

Programu yangu ya stakabadhi bado inatumika. Mstari ule wa kulala sikuufuta, niliuwekea alama tu ili usitekelezwe. Kila ninapobadili chochote ndani yake nauondolea alama, nafungua madirisha mawili, na kubonyeza huku na huku.