Dola 299 na safari ndefu ya kufika Busiu

Mei 1995, kwenye maonyesho ya gemu mjini Los Angeles, Sega walitangaza kwamba mashine yao mpya, Saturn, itauzwa dola 399. Ikafika zamu ya Sony. Steve Race, bosi wa PlayStation nchini Marekani, alipanda jukwaani, akataja namba moja tu, 299, akashuka. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Hesabu ya nyuma ya pazia ilikuwa hivi: mashine iuzwe kwa faida ndogo, hata kwa hasara ikibidi, ili iingie majumbani mapema. Pesa zitarudi kwenye gemu, kwa kuwa kampuni zinazotengeneza gemu humlipa mtengenezaji wa mashine fungu lake kwa kila nakala. Miaka ikienda vipuri hushuka bei, na mashine nayo hushushwa kidogo kidogo mpaka iwafikie wenye mifuko mifupi. PlayStation 2 iliingia madukani Marekani Oktoba 2000 kwa dola 299. Mwaka 2002 ilikuwa 199, mwaka 2004 ikawa 149, na Aprili 2009 ikafika 99. Ziliuzwa zaidi ya mashine milioni 155, na kwa miaka mingi hakuna mashine ya gemu ya sebuleni iliyoifikia.

Kwa mtu wa Busiu, senta iliyo kwenye barabara ya Tororo kwenda Mbale nchini Uganda, bei ya siku ya kwanza haikuwa na maana yoyote. Dola 299 za mwaka 2000 zilizidi shilingi laki tano za Uganda, kabla ya ushuru na gharama ya kuisafirisha kutoka Mombasa. Familia inayoishi kwa mahindi na maharage ingeanzia wapi? Katika senta za namna hii PlayStation 2 ilikuja miaka mingi baadaye, mara nyingi ikiwa mtumba, imeshafunguliwa na fundi na kutiwa chipu ili isome diski zilizonakiliwa. Kwa hiyo Sony hawakupata lile fungu la gemu ambalo mkakati wao wote ulilitegemea.

Faida ilibaki kwa mwenye kibanda cha kuchezea gemu, naye alikuwa na mkakati wake. Televisheni moja, padi mbili zenye nyaya zilizozungushiwa utepe wa gundi, benchi, na vijana wanaongoja zamu. Hakuuza mashine wala gemu, aliuza mechi. Aliyefungwa anaondoka, aliyeshinda anabaki, sarafu nyingine inatoka. Umeme ukipanda bei, si lazima mechi ipande: mwenye kibanda huingia kwenye mipangilio ya gemu ya mpira akapunguza dakika za kila kipindi. Hapo ndipo watoto wengi wa Afrika Mashariki walipojifunzia gemu, na nawaheshimu sana wafanyabiashara hao, maana walimpa kijana asiye na kitu nafasi ambayo Sony kule Tokyo hawakumpangia.

Tukirudi kwa Sony, kosa la bei kubwa kama la Sega walilifanya wenyewe Novemba 2006. PlayStation 3 ilitoka kwa dola 499 na 599, na bado wachambuzi wa iSuppli walikadiria kwamba ile ya 599 iligharimu takriban dola 840 kuitengeneza. Nintendo wakapita kando yao na Wii ya dola 249. Mwaka 2011 ikawa zamu ya Nintendo kuumia: mashine yao ya mkononi, 3DS, ilishushwa kutoka dola 249 hadi 169 ndani ya miezi mitano, na rais wao, Satoru Iwata, akajikata nusu ya mshahara.

Somo la miaka yote hiyo lilikuwa kwamba bei hushuka. Sasa inapanda. PlayStation 5 ilianza Novemba 2020 kwa dola 499, na Agosti 2025 Marekani ikafika 549. Ukiifikisha Uganda hata kwa ile bei ya mwanzo ya dola 499, ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18 juu yake huipeleka kwenye dola 736, hata nauli haijaingia. Lakini linalonitia wasiwasi zaidi ni toleo lake lisilo na sehemu ya diski. Gemu hushushwa kwa intaneti na kufungwa kwenye akaunti ya mnunuzi, kwa hiyo hakuna diski ya kuuza mtumba wala ya kuazimana. Mwenye kibanda atalazimika kununua kila gemu upya, pamoja na bando la makumi ya gigabaiti, halafu arudishe pesa hizo mechi moja moja, kwa sarafu za vijana walewale.