Njia ya Kitabu, Kutoka Ujiji Hadi Rafu za Kalemie

Duka la vitabu likikaribia kufungwa, hukumu huwa imeshatolewa: watu hawasomi tena. Nimeisikia hukumu hiyo Kalemie pia, juu ya duka dogo lisilo mbali na barabara ya Lumumba, ambalo mwenyewe anafikiria kulifunga. Sikuridhika, nikaomba nikae naye asubuhi nzima kwenye benchi la mlangoni. Akaingia kijana kuulizia kamusi ya Kifaransa. Akaja mama na orodha ya vitabu vya shule ya binti yake, imekunjwa mara nne kwenye kitenge. Kisha mwalimu wa sekondari: "Papa, kile kitabu kimekuja?" Hakijaja. Wengi walitoka na kaye mbili na kalamu, wakaahidi kurudi. Nyuma ya meza, misale na vitabu vya nyimbo vilikuwa vimefunikwa nailoni kwa sababu ya vumbi, na kando yake rafu mbili nzima zilikuwa tupu.

Mzee hakulalamikia wasomaji hata mara moja. Alilalamikia njia. Shehena yake ya Kifaransa inatoka Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 hata ukihesabu kwa ndege, na hakuna barabara ya moja kwa moja ya kuisafirisha. Shehena yake ya Kiswahili iko ng'ambo ya ziwa, Kigoma, kilomita zipatazo 130 tu, nayo humfikia kwa boti, kwa bahati, baada ya kulipiwa kila mkono ulionyooshwa bandarini. Nikaona kama nataka kuelewa kwa nini duka hili linakufa, niifuate njia hiyo tangu mwanzo wake.

Mwanzo wake ni Ujiji. Leo Ujiji ni sehemu ya mji wa Kigoma, na penye makumbusho ya Livingstone, chini ya miembe, ziwa liko mbali kuliko lilivyokuwa katika karne ya 19. Misafara ya kutoka Bagamoyo ilimalizikia hapa baada ya miezi mitatu au zaidi ya mwendo. Ilileta nguo, shanga na bunduki, na katika masanduku ya wafanyabiashara wa Unguja na Mrima ilileta misahafu, vitabu vya dua na karatasi za kuandikia barua kwa herufi za Kiarabu. Hayo ndiyo maandishi ya kwanza kuvuka ziwa kuja upande wetu, kabla ya padri wala pasta. Yalikuja pamoja na biashara iliyowafunga watu minyororo, na ni lazima kulisema hilo waziwazi: njia iliyoleta karatasi ndiyo iliyopeleka watumwa pwani.

Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliipita njia hii hadi Manyema na Kasongo. Uzeeni alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Sehemu kubwa ya yanayosimuliwa mle imetokea magharibi ya ziwa, kwenye ardhi yetu. Sijakiona kitabu hicho katika rafu yoyote ya Kalemie.

Aliyeonja ukali wa njia hii kwa upande wa karatasi ni David Livingstone. Mwaka 1869 alivuka kutoka Ujiji kuja magharibi, akaelekea Manyema. Vitu vyake vilikuwa vimeibwa au kukwama njiani, barua hazikumfikia, na daftari zikamwishia. Mwaka 1871, akiwa Nyangwe kwenye mto Lualaba, alichukua gazeti kuukuu la London, The Standard la Novemba 1869, akaligeuza ubavu na kuandika juu ya mistari iliyochapwa, kwa wino aliojitengenezea kwa mbegu za mmea. Juu ya karatasi za namna hiyo alieleza mauaji ya watu sokoni Nyangwe, tarehe 15 Julai mwaka ule. Wino ule ulififia hata maandishi yakawa hayasomeki, mpaka wataalamu walipoyapiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali na kuyatoa hadharani mwaka 2011. Na muda wote huo wa Manyema alikuwa na Biblia, aliyoisoma yote mara nne. Hivyo ndivyo msomaji anavyokuwa njia ikikatika: anarudia kitabu kimoja, na anaandika juu ya maandishi ya watu wengine.

Baada yake wakaja wamisionari. Edward Hore na wenzake wa London Missionary Society waliondoka pwani mwaka 1877 wakitaka kutumia magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mbung'o wakawamaliza ng'ombe. Walifika Ujiji mwaka uliofuata, mizigo ikiwa vichwani mwa wapagazi kama ya kila mtu. Mwaka 1879 wakafungua kituo Mtowa, upande wetu, kaskazini ya mahali ulipo mji wa Kalemie. Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie nao walifika Ujiji mwaka 1879, na mwaka 1885 wakakabidhiwa Mpala, kusini yetu, ngome aliyoijenga Mbelgiji Émile Storms miaka miwili kabla. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama kilo 30. Weka ndani yake vitabu vya kusomea, kisha hesabu ni nguo ngapi za kulipia chakula zimeachwa ili vitabu vipate nafasi. Kitabu kilichofika Mpala mtu alikuwa amekibeba kichwani kutoka Bahari ya Hindi.

Na kilizaa. Katika milima ya Marungu, yapata mwaka 1886, alizaliwa mtoto aliyekuja kuitwa Stefano Kaoze. Alisoma Mpala, akaendelea seminarini, na mwaka 1917 akapewa upadri Baudouinville, ambayo leo ni Moba: padri wa kwanza Mkongo wa zama hizi. Kabla ya hapo, mwaka 1910 na 1911, makala yake juu ya saikolojia ya Wabantu ilichapishwa katika jarida la La Revue congolaise huko Ubelgiji, na wanahistoria huihesabu kuwa maandishi ya kwanza ya Mkongo kuchapishwa kwa Kifaransa. Fasihi ya Kongo kwa Kifaransa ina mizizi kwenye ufuo huu, kwenye shule ya misheni iliyosomesha kwa Kiswahili kwa vitabu vilivyobebwa kichwani. Nimewauliza wanafunzi wa Kalemie kuhusu Kaoze, na wengine walilijua jina. Maandishi yake hakuna aliyewahi kuyashika mkononi, kwa sababu hakuna duka mjini linaloyauza.

Kisha mvuke ukapunguza mwendo wa miezi kuwa siku. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam iligusa Kigoma Februari 1914. Upande wetu reli ya kutoka Kabalo, kilomita 273, ilifika Albertville, kama Kalemie ilivyoitwa, mwaka 1915. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimeshaanza: Waingereza walileta mashua zao mbili ndogo, Mimi na Toutou, hapa hapa mlangoni mwa mto Lukuga, na Wabelgiji wakapeleka ndege kushambulia Kigoma. Vilipokwisha, kwa mapatano ya mwaka 1921, Uingereza iliipa Ubelgiji sehemu yake ya bandari Kigoma na Dar es Salaam, watu wakaiita Belbase. Tangu hapo mzigo wa Albertville uliweza kushuka Dar es Salaam, kupanda behewa, kuvuka ziwa na kushika reli ya Kabalo bila kufunguliwa njiani. Mji wenye gati, karakana za reli, na baadaye kiwanda cha nguo cha Filtisaf, ulikuwa na watu wa mshahara, na penye mshahara wa kila mwezi duka la vitabu linapata pa kusimama.

Lakini wakati chuma kilipounganisha pwani mbili za ziwa, ofisi zilizitenga. Kamati ya lugha iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1930 kusanifisha Kiswahili ilihusu Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Vitabu vya shule vya ng'ambo vikasanifiwa, vikaongezeka, vikapata wasomaji wa nchi nne. Huku Kiswahili kilibaki lugha ya soko, ya kanisa na ya nyumbani, na Kifaransa kikapewa ofisi na shule ya juu. Kwa maoni yangu hilo lilitudhuru kuliko vita vingi. Msomaji wa Kalemie alitengwa na maktaba ya lugha yake mwenyewe, iliyo kilomita 130 mbele ya macho yake.

Asiseme mtu kwamba watu wa huku hawakuwa na la kuandika. Mwaka 1965 mjini Lubumbashi, André Yav, aliyewahi kuwa mtumishi wa nyumbani, aliandika historia ya mji kwa Kiswahili cha huko kwa niaba ya wenzake, ikapigwa taipu. Ilifika kwenye kitabu rasmi mwaka 1990, kwa mkono wa mwanaanthropolojia Johannes Fabian, ikiwa na tafsiri ya Kiingereza, ng'ambo ya bahari. Mtumishi aliyeandikiwa historia hiyo hakuwa na duka la kuinunulia.

Uhuru ulikuja na vishindo vyake. Albertville ilitekwa na waasi wa Simba Juni 1964, ikarudishwa mikononi mwa serikali mwishoni mwa Agosti. Njia ilikatika, lakini ilirudi. Kilichouma zaidi ni tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alipotangaza biashara za wageni zipewe Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati ule. Nchi nzima maduka yalibadilisha mikono bila kubadilisha ujuzi. Bidhaa ziliuzwa mpaka zikaisha, na wengi waliopewa hawakuwa na mwagizaji, wala barua ya benki, wala mtu wa kumwandikia Antwerp. Kitabu ni katika bidhaa za kwanza kuumia hali ikiwa hivyo, kwa sababu sabuni utaipata kwa mchuuzi yeyote, kitabu lazima kiagizwe kwa jina.

Na ng'ambo nako pia njia zilifungwa. Tanzania Publishing House, iliyoundwa 1966, ilishiriki mwaka 1972 kukitoa kitabu cha Walter Rodney juu ya Ulaya na kudidimizwa kwa Afrika, Walter Bgoya akiwa meneja wake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Wachapishaji wa Dar es Salaam walipoteza soko la Nairobi, na Nairobi ikapoteza la Dar es Salaam. Wasomaji hawakupungua siku ile. Kilichopungua ni malori.

Agosti 1998 Kalemie iliingia mikononi mwa waasi wa RCD. Mstari wa mbele wa vita ulikata nchi kati yetu na Lubumbashi, na behewa likakoma. Kwa miaka kadhaa ziwa peke yake ndilo lililotulisha. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la nguvu ya 6.8 likaangusha kuta za mji uliokuwa ndio kwanza unatoka vitani. Miaka ya karibuni ziwa limepanda, na mwaka 2024 maji yaliingia mitaani. Wazee hawakushangaa, maana ziwa hili lilishajaa hivyo mwaka 1878 mpaka likavunja kizuizi cha Lukuga na kumwaga maji kuelekea Lualaba. Lakini mwenye duka aliyeweka maboksi sakafuni hafarijiki kwa historia. Mzee wa benchi alinionyesha boksi moja la vitabu vya darasa la sita vilivyolowana: kurasa zimevimba, jalada limegeuka kahawia, naye amevianika kimoja kimoja akijua hataviuza. Huvigawa kwa watoto wa jirani.

Nimeifuata njia hii nikaona jambo moja likijirudia. Kalemie haijawahi kukosa msomaji. Palipokuwa na mpagazi, na meli, na behewa, kitabu kilifika na kikapata mtu wake. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali ni za bure, na madarasa yamejaa kuliko wakati wowote. Watoto hawa watauliza vitabu, kama wanavyouliza sasa mlangoni kwa mzee.

Na safari hii sheria iko upande wetu. Mkataba wa Florence wa 1950, unaoondoa ushuru wa forodha kwa vitabu, Kongo imo ndani yake tangu 1962. Mwaka 2022 nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake rasmi. Hakuna sheria mpya ya kutungwa. Kinachotakiwa ni ofisa wa bandari ya Kalemie kulitazama boksi la vitabu kutoka Kigoma na kuliruhusu lipite, kwa maandishi, kwa risiti ya sifuri, kila mara, bila mwenye duka kutafuta mtu wa kumjua. Kinachotakiwa ni wakuu wa jimbo la Tanganyika kubandika tangazo hilo gatini, mahali pa kila mtu kulisoma. Na wachapishaji wa Dar es Salaam na Nairobi, wanaosema soko ni dogo, waje wakae nusu siku kwenye lile benchi.

Wewe uliye Kalemie, ukihitaji kitabu, mwagizie mzee na umwachie nusu ya bei. Akiwa na maagizo 20 mkononi ana sababu ya kulipia nafasi kwenye boti. Ameniambia atasubiri mpaka shule zifunguliwe Septemba, halafu ataamua.