Kibao cha Barabara, Helsinki

Soma majina mawili: juu Aleksanterinkatu, kwa Kifini, chini yake Alexandersgatan, kwa Kiswidi. Ni barabara moja. Enzi za utawala wa Urusi, vibao vya jiji hili viliandikwa Kirusi pia. Ufini ilipojitangazia uhuru tarehe 6 Desemba 1917, Kirusi kiliondoka. Kiswidi kilibaki, nacho kilibaki kwa kupiganiwa.

Waliokipigania ni Chama cha Watu wa Kiswidi, kilichoundwa mwaka 1906. Kwa muda mrefu wasemaji wa Kiswidi walikuwa na sauti kubwa katika mabaraza ya makabaila na ya wenyeji wa mijini ya bunge la zamani. Kura ya watu wote, wanawake wakiwemo, ikawafanya wachache bungeni: uchaguzi wa 1907 uliwapa viti 24 kati ya 200.

Baada ya uhuru, wengi katika chama walitaka nchi iwe na mfalme. Wakashindwa. Walichokipata kupitia sheria ndicho kilichodumu, na kinastahili heshima: Katiba ya 1919 ilitaja Kifini na Kiswidi kuwa lugha za taifa, na Sheria ya Lugha ya 1922 ikaamuru manispaa ambayo wasemaji wa lugha ya wachache wanafika asilimia 10 itumie lugha zote mbili.

Lugha ya walio wengi ndiyo hutangulia. Katika miji ya pwani ambako wasemaji wa Kiswidi ndio wengi, utakuta Kiswidi kimekaa juu.