Kabla ya Rambo: Historia ya Mzigo Bujonde

Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Kanuni zilimwekea atakayekutwa nayo faini ya shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7. Zanzibar ilikuwa imetangulia mwaka 2006, Rwanda 2008 na Kenya 2017. Wengi walilipokea katazo hilo kana kwamba taifa linafundishwa maisha mapya. Kwetu Bujonde, wilayani Kyela, maisha hayo si mapya hata kidogo.

Mfuko wa rambo ni mtoto wa juzi. Ulibuniwa Uswidi na Sten Gustaf Thulin, na hataza yake ikatolewa mwaka 1965. Joseph Thomson alipofika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879 aliusifu usafi wa vijiji vya Wanyakyusa vilivyozungukwa na migomba. Usafi ule ulitokana na bidii ya watu, lakini ulikuwa na sababu nyingine pia: karibu kila kilichotupwa kilioza. Jani la mgomba lilifunga chakula, kisha likarudi shambani kuwa mbolea. Maziwa yalikaa katika vibuyu na vyombo vya mianzi. Vyungu vilifinyangwa na wanawake wa Kikisi wa Ikombe, vikavushwa kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo, karibu na Matema, ambako vinauzwa hata leo.

Hata hivyo, ndugu msomaji, tusiigeuze historia kuwa ngano tamu. Maisha yale yaliendeshwa kwa nguvu za watu, na sehemu kubwa ya nguvu hizo ilikuwa ya wanawake. Chungu ni kizito kabla hakijatiwa maji, na kikiteleza kichwani, kazi ya siku nzima inamwagika njiani. Ndoo na dumu vilipoingia vijijini havikuhitaji mhubiri. Vilipunguza mzigo, navyo vikianguka havivunjiki.

Hapo ndipo ninapoona tofauti ambayo mijadala yetu huiruka. Nilipojaribu kuishi mwezi mzima Bujonde bila plastiki, kikapu hakikunipa taabu: ufundi wa kukisuka bado uko karibu, na usipa wabichi hubebeka vizuri ndani ya jani. Kilichonishinda kukiacha ni dumu la maji. Mfuko ulitupa wepesi wa dakika chache sokoni. Dumu lilichukua nafasi ya shingo ya mama.

Jambo la pili ni umaskini. Anayenunua sukari kwa gunia hahitaji kifuko. Anayenunua robo kilo, chumvi ya kupima na mafuta ya kupima hurudi nyumbani na vifuko vitatu. Kanuni za 2019 ziliruhusu vifungashio vya bidhaa kadhaa, na baadhi ya wafanyabiashara wakavigeuza kuwa mifuko ya kubebea. Hivyo mlango uliofungwa mbele ukafunguliwa nyuma, na lawama ikamwangukia mnunuzi mwenye kipato kidogo kuliko wote.

Jambo la tatu ni jiografia. Songwe na Kiwira hushuka kutoka milimani hadi tambarare ya Kyela. Mito inapofurika, taka zilizotupwa juu husombwa hadi kwenye majaruba ya mpunga na ziwani. Mkulima wa bondeni anaweza kuacha plastiki yote nyumbani kwake, na bado akaikuta shambani.

Kwa hiyo nasema wazi: kuishi bila plastiki hakuwezi kuachwa kuwa fadhila ya mtu mmoja mmoja. Bomba la maji likifika uani, dumu litapungua lenyewe. Chupa ya soda ya kioo hurudi kiwandani kwa sababu ina thamani mkononi mwa anayeirudisha. Watengenezaji wa chupa za plastiki nao walazimishwe kuzipa zao thamani hiyo. Wazee wetu waliishi bila plastiki kwa gharama ya migongo ya mama zao. Sera yoyote inayotutaka turudi huko ianze kwa kujibu swali moja: safari hii, mzigo ataubeba nani?