Nafsi ya Mvaaji: Mwanamke Mzee na Historia ya Vazi kutoka Pwani hadi Loliondo



Mhadhara huu unatokana na swali nililoulizwa mnadani Loliondo, wilayani Ngorongoro, nilipokwenda kukusanya msamiati wa mavazi na mapambo. Siku hiyo nilivaa gauni la kijivu na mtandio wa kijivu. Nilikuwa nimekwisha kuvuka miaka 60, na kwa muda mrefu nilikuwa nikifuata ushauri wa watu wangu wa karibu kwamba mwanamke akifikia umri huo apunguze rangi. Bibi mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akiuza ugoro alinitazama, kisha akaniuliza kwa Kiswahili: "Mwalimu, umefiwa?" Nikamjibu, "La, koko, sijafiwa." Akasema, "Basi mbona umevaa hivyo?" Sikuwa na jibu.

Yeye alikuwa amejifunga rubega la zambarau juu ya kitenge cha kijani, na katikati ya shanga za kifuani alikuwa ametungia ufunguo mdogo wa kufuli. Nilifungua daftari nikamwuliza ufunguo huo una maana gani katika mila za Wamaasai. Alicheka sana. Kufuli lilipotea, akasema, na ufunguo ulikuwa mzuri mno kuutupa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kwa nini mimi, mtaalamu wa lugha, sikufikiri kwamba mwanamke mzee wa kijijini anaweza kuvaa kitu kwa sababu amekipenda. Jibu nimelitafuta katika historia ya maneno yetu wenyewe.

Maneno ya nguo na waliyoyapokea

Neno "nguo" ni la Kibantu, nalo lina ndugu mbali kusini. Wazulu wanasema "ingubo". Hata hivyo, majina mengi ya nguo zenyewe yamekuja na majahazi na meli. Mwaka 1833 Marekani ilitiliana saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, na kitambaa cha pamba kilicholetwa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, kikaitwa "merikani". Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861-1865) vilivuruga biashara hiyo, na vitambaa vya Bombay vikapata nafasi. Jina lilibaki, likawa la kitambaa chochote cha pamba kisichopaushwa, kifumwe popote. Pamoja nayo ilikuwapo kaniki, nguo ya rangi nzito ya nili kutoka India. "Leso" tuliipata kwa Wareno.

Maneno "shuka" na "doti" yana historia ya kuvutia zaidi. Katika biashara ya misafara ya karne ya 19, shuka kilikuwa kipimo cha kitambaa cha dhiraa 4, na doti kilikuwa dhiraa 8, yaani shuka mbili. Vilikuwa vipimo vya malipo: hongo ya mtawala na ujira wa mpagazi vilihesabiwa kwa shuka na doti. Leo mwanamke anaponunua "doti ya kanga" ananunua vipande viwili, na hana habari ya msafara wowote. Kipimo cha wenye mali kimekuwa jina la jozi yake. Yeye ndiye anayeamua kipande kipi akifunge kiunoni na kipi ajitande, na jina lililoandikwa kwenye kanga litamfikia nani.

Uamuzi huo haukuja bure. Unguja ya karne ya 19 watumwa wanawake walivaa merikani na kaniki, nguo za bei ya chini zilizotangaza hadhi yao kabla hawajafungua kinywa. Baada ya hadhi ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliikimbilia kanga ya rangi, na katika miongo iliyofuata buibui pia. Walikuwa watu wazima, wengine wazee. Hakuna aliyewaambia kwamba umri wao umepita wa kubadili vazi; kwao kubadili vazi kulikuwa kubadili jina wanaloitwa na jamii.

Ushanga na madai juu ya wanawake

Bara, hoja ileile inajitokeza katika ushanga. Richard Burton, aliyesafiri hadi Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1857 na 1859, aliandika kwamba kulikuwa na aina zipatazo 400 za ushanga katika biashara, kila moja na jina na soko lake. Ushanga mwekundu ulioitwa "samesame" ulikuwa na majina ya utani, moja likiwa na maana ya kivunja miji, kwa madai kwamba wanawake wangefilisi kaya zao ili waupate. Tuliangalie jina hilo kwa makini. Mfanyabiashara anaisifu bidhaa yake na papo hapo anamlaumu mnunuzi. Kilichofichika ndani ya lawama ni kwamba mnunuzi alikuwa na macho. Msafara uliobeba rangi iliyokwisha kukataliwa ulibaki na mzigo usio na thamani.

Joseph Thomson alilijua hilo alipojiandaa kupita Umaasaini mwaka 1883. Ilimbidi akae Taveta mpaka shanga zake zitungwe upya kwa urefu uliokubalika kwa Wamaasai, kwa kuwa zisingepokelewa vinginevyo. Shanga hizo za kioo zilitoka Ulaya, hasa Venice na Bohemia. Kigezo cha uzuri kilitoka Umaasaini, na walioshika sindano na uzi walikuwa wanawake.

Amri mbili za zama moja

Baada ya uhuru, vazi liliingia katika siasa. Katika miaka ya 1967 na 1968 uongozi wa Mkoa wa Arusha, ambao Loliondo ni sehemu yake, uliendesha kampeni ya kuwataka Wamaasai waache shuka zao, ngozi na kujipaka ngeu, kwa kuwa mambo hayo yalionekana kuwa aibu kwa taifa linaloendelea. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa tarehe 1 Januari 1969, ikipiga marufuku sketi fupi, wigi, suruali za kubana na vipodozi vya kuchubua ngozi. Wamaasai waliambiwa kwamba vazi lao limepitwa na wakati, na wasichana wa Dar es Salaam wakaambiwa kwamba lao limepita mipaka. Aliyebaki katikati ni mama wa makamo aliyejisitiri, ambaye hakuna aliyemkemea kwa sababu hakuna aliyemtazama. Naona huo ndio mwanzo wa kijivu changu.

Lugha nayo ina mchango wake. Tunapomzungumzia msichana, vitenzi vinavyotujia ni kujipamba, kujiremba, kujikwatua. Tunapomzungumzia mwanamke mzee, tunasema kujisitiri, kujifunika, kujistahi. Sidharau stara, nimelelewa nayo. Ninachohoji ni kwa nini stara na pambo zigawanywe kwa umri, ilhali bibi wa Loliondo amejifunga shuka linalomsitiri vyema na bado anaonekana kutoka upande wa pili wa mnada.

Loliondo na kiambishi hu-

Loliondo ni mahali pazuri pa kujifunzia jambo hili. Wapo Wamaasai wa sehemu mbalimbali, Wapurko, Waloita na Walaitayok, na jirani zao ni Wasonjo, wakulima wa mifereji ambao lugha yao ni ya Kibantu. Mpangilio wa rangi katika shanga hutofautiana kati ya sehemu na sehemu, na hubadilika kati ya rika na rika. Kuna mambo yaliyowekwa na jamii: isurutia, pambo la waya wa shaba lililoviringwa, ni alama ya mwanamke aliyeolewa. Lakini ndani ya mipaka hiyo kila mvaaji anachagua. Shuka limefumwa kiwandani, kitenge kimepigwa chapa mbali, ushanga wa kioo huenda umetoka Jablonec katika Jamhuri ya Czech. Kilichobaki kuwa chake ni kuamua kipi kikae kando ya kipi, na hilo ndilo vazi.

Hapa nakiri kosa la kitaalamu. Hojaji niliyokwenda nayo iliuliza: "Wanawake wa Kimaasai huvaa nini?" Wanafunzi wa sarufi wanajua kwamba kiambishi "hu-" cha mazoea hakipokei kiambishi cha nafsi. Tunasema "mimi huvaa", "yeye huvaa", "wao huvaa", na kitenzi hakibadiliki. Nilikwenda kuwauliza watu habari zao kwa kitenzi kisicho na nafsi, kisha nikashangaa kwamba sikumwona mtu. Bibi yule hakuniuliza wasomi huvaa nini. Aliniuliza "umefiwa?" na "mbona umevaa hivyo?", kwa nafsi ya pili, umoja.

Hitimisho

Wanafunzi wangu, mkienda uwandani ulizeni kwanza "Wewe umevaa nini, na kwa nini?" Mila mtaijua baadaye, tena mtaijua vizuri zaidi, kwa kuwa mtaona inakoishia na mtu anakoanzia.

Na kwa wanawake wa rika langu waliokuja leo: sikurudi kutoka Loliondo nimevaa shanga za Kimaasai. Wahenga walikwisha kuonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Nilichojifunza kwa koko ni namna ya kuchagua. Kesho yake nilinunua doti ya kanga ya manjano dukani pale pale Loliondo, nikarudi mnadani nimejitanda. Alinitazama tena kwa makini, akanisogezea kigoda, na safari hii tukazungumza mpaka jua likazama.