Kuishi na stoma: Mambo 6 yanayosemwa mtaani na ukweli wake

Daktari akisema utumbo utatolewa nje kupitia tumboni, familia nyingi husikia kama hukumu ya kifo. Wapo hata wanaokataa upasuaji. Lakini tundu hilo, ambalo kitaalamu huitwa stoma, huwekwa ili mtu aishi.

Kinyesi hutokea hapo na kuingia kwenye mfuko unaobandikwa kwenye ngozi. Stoma ya utumbo mpana huitwa kolostomi, ya utumbo mwembamba ileostomi. Ya mkojo ni urostomi.

Sababu ni nyingi: mtoto kuzaliwa bila njia ya haja kubwa, utumbo kutobolewa na taifodi, utumbo kujisokota, saratani au ajali.

Mgonjwa wa Zagayu, mkoani Simiyu, anaweza kupewa rufaa hadi Bugando, Mwanza, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Akirudi kijijini, ndipo maneno huanza.

1. "Amelogwa, atatuambukiza"
Siyo kweli. Stoma ni kazi ya daktari wa upasuaji na haiambukizi. Kula naye sahani moja au kulala naye kitanda kimoja hakuna shida.

2. "Ni ya maisha yote"
Inategemea. Nyingi huwekwa kwa muda ili utumbo upone, kisha hurudishwa ndani kwa upasuaji mwingine. Baadhi, hasa za saratani ya chini kabisa ya utumbo, hubaki za kudumu. Muulize daktari yako ni ipi, na usikose kliniki.

3. "Kile kidonda kinauma"
Stoma siyo kidonda. Ni nyama nyekundu yenye unyevu, kama ndani ya shavu, na yenyewe haina hisia ya maumivu. Damu kidogo wakati wa kuifuta ni kawaida. Kinachouma ni ngozi ya pembeni ikiunguzwa na kinyesi. Ioshe kwa maji safi, ikaushe vizuri, na tundu la mfuko likatwe liendane na stoma.

4. "Ananuka, asikae na watu"
Mfuko uliobandika vizuri hautoi harufu. Ukinuka, huenda unavuja. Mwaga uchafu chooni kabla mfuko haujajaa nusu. Tatizo kubwa ni upatikanaji: mifuko ikiisha, wengine hutumia vitambaa au mifuko ya nailoni, na ngozi huharibika. Kabla ya kutoka hospitali, uliza utaipata wapi na kwa bei gani.

5. "Hawezi kula wala kufanya kazi"
Ugali, samaki, wali, vyote vinalika, ila tafuna vizuri. Maharage, dengu na kabichi huongeza gesi, basi anza kidogo kidogo. Mwenye ileostomi hupoteza maji na chumvi nyingi, hivyo anywe vya kutosha, hasa jua la shambani likiwa kali. Kuchuma pamba inawezekana akishapona. Kubeba magunia ni hatari, maana utumbo unaweza kusukumwa nje na kuleta ngiri.

6. "Haoi, hazai, hadumu"
Watu wenye stoma huoa, huolewa na hubeba mimba, wakifuatiliwa kliniki. Kuhusu kudumu, mwaka 1793 huko Brest, Ufaransa, daktari Duret alimwekea kolostomi mtoto mchanga aliyezaliwa bila njia ya haja. Mtoto yule aliishi hadi miaka 45, zama ambazo hata dawa ya usingizi haikuwepo.

Wahi hospitali ukiona haya
• Stoma imegeuka zambarau au nyeusi.
• Damu haikatiki.
• Hakuna kinachotoka, huku tumbo linauma na mtu anatapika.
• Inatoka kama maji mfululizo, mdomo mkavu, mkojo kidogo.

Hapo usisubiri kesho, wala usianzie kwa mganga.